Kipimo cha Tad

Jumatatu, 9 Machi

Daftari hili nimepewa bure na muuza dawa aliyepita zahanati, na kwa kuwa sipendi kitu kizuri kikae bure, nitaliandika mpaka kondoo wetu wa mwisho azae. Baada ya hapo litafaa kwa orodha za dukani.

Leo daktari mpya ameanza kazi. Anaitwa Dk Imogen Farrant, ametoka kusini kabisa, miji ya pwani, ambako watu hunywa kahawa huku wakitembea. Ana miaka thelathini na mbili na viatu visivyofaa. Mimi ni karani wa mapokezi hapa Thornside kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nimewaona madaktari saba wakija. Sita waliondoka na mmoja tulimzika. Nilimkaribisha kwa chai, nikamuuliza maziwa kiasi gani. Akasema, "Tad tu, Bi Noreen." Nikamtilia tad, matone machache. Hapo tulielewana vizuri sana.

Clifford, mume wangu, anasema leo kuna baridi tad. Barafu kwenye birika la kunyweshea kondoo ilikuwa na unene wa ngumi, akaivunja kwa shoka.

Nilipopanda ngazi za zahanati na boksi la karatasi, kifua kilinibana. Tad. Kikaachia.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua.

Jumatatu, 16 Machi

Ukuta kati ya meza yangu na chumba cha daktari ni mwembamba, na mimi si kiziwi. Dk Farrant ana mtindo wa kumuuliza kila mgonjwa, "Kuanzia moja hadi kumi, maumivu yako ni ngapi?" Wanaume wa bonde hili wanalichukulia swali hilo kama wanavyochukulia alama za maonyesho ya kondoo, ambako hakuna mwamuzi aliyewahi kutoa kumi tangu nizaliwe. Kondoo bora kabisa hupata saba, na mwenyewe hufurahi mwaka mzima. Leo mtu amekuja na mfupa wa bega uliovunjika akasema, "Mbili. Nikicheka, mbili na nusu."

Nilimsikia daktari akiandika mbili.

Ijumaa, 20 Machi

Asubuhi jua lilipatwa, karibu lote likafunikwa. Ndege wakanyamaza, kondoo wakajikusanya ukutani. Clifford alitazama juu, akasema kumeingia giza tad, akaendelea kurekebisha geti.

Jumatano, 25 Machi

Mzee Seth Raw, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, amekuja zahanati saa tatu asubuhi kwa miguu yake mwenyewe. Hilo peke yake lilitosha kunishtua. Mara mbili zilizopita aliletwa amelala nyuma ya Landrova. Alisimama mbele ya dirisha langu kofia mkononi.

"Shida nini, Seth?"

"Tumbo. Tad."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Vera ndiye kaning'ang'ania nije. Mimi ningengoja kondoo wazae kwanza."

Nikampa chai na biskuti mbili za tangawizi, kama ninavyompa kila mtu anayesubiri. Alipiga funda moja. Biskuti hakuzigusa. Nimemjua Seth Raw miaka hamsini na sijawahi kumwona akiiacha biskuti. Kwenye mazishi ya mama yake alikula zake na zangu. Alipoitwa aliinuka kwa kushika ukuta, mguu wa kulia kaukunja, kama mtu anayeogopa kuunyoosha.

Nilisikia yote. Maumivu ngapi? Mbili. Unatapika? Tad. Daktari alipotaka kumpapasa tumbo, Seth akasema hakuja kuvuliwa shati na binti wa watu, na hata hivyo tayari amepata nafuu. Akapewa dawa ya kutuliza tumbo na kuambiwa arudi akizidiwa.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Mlango wa daktari uko hatua nne kutoka kwenye kiti changu. Lakini karani haingilii kazi ya daktari. Ndivyo nilivyofundishwa na daktari wa kwanza, yule tuliyemzika, na nimeishika amri hiyo kuliko amri za kanisani. Nikamwandikia Seth miadi ya wiki ijayo, nikamtazama akishuka ngazi upande upande.

Saa nane mchana helikopta ilitua kwenye shamba lake la chini. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Vera, mkewe, alimkuta amelala kwenye mlango wa zizi, amejikunja, anamwambia asiwasumbue watu.

Clifford aliisikia habari hiyo akiwa anakula. Akaweka uma chini, na kwake hiyo ni hotuba.

Alhamisi, 26 Machi

Seth yu hai. Wamemsafisha tumbo, atakaa huko wiki tatu.

Dk Farrant alikuja dirishani kwangu kabla ya wagonjwa kufika. Uso ulikuwa umevimba.

"Bi Noreen, ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Hakula biskuti."

Alinitazama kama nimemzaba kofi. "Aliniambia mbili! Aliniambia anaumwa tad!"

"Dokta, Seth alikanyagwa mguu na trekta mwaka ule wa mafuriko. Hospitalini aliwaambia tatu."

"Na wewe ukakaa hapo ukanyamaza?"

Nikasema ndiyo, kwa kuwa nilikuwa nimekaa hapo na nilikuwa nimenyamaza. Akakaa sakafuni kati ya maboksi ya karatasi, akalia, na hakujificha. Kwetu mtu akitaka kulia huenda zizini. Nilikuwa na maneno mengi moyoni juu ya watu wa kusini, lakini yote yaligoma kutoka, maana aliyestahili kulia ni mimi. Nikamtengenezea chai. Maziwa tad.

Alipomaliza akajifuta, akasema, "Niandikie. Kila kitu wanachomaanisha. Niandikie nijifunze."

Jumamosi, 28 Machi

Nimeshinda mezani na kadi ya kumwandikia daktari. Si rahisi kama nilivyodhani. Mtu hajiulizi anavyotembea mpaka aambiwe amfundishe mwingine.

Nimemwandikia hivi. Neno lenyewe ukilitafuta kwenye kamusi utaambiwa maana yake ni kiasi kidogo, chembe, kiduchu, basi. Kwa vitu vya mezani kamusi inasema kweli: tad ya chumvi ni chumvi ya vidole viwili, na tad ya maziwa ukiizidisha utaonekana huna adabu. Kwa hali ya hewa lizidishe mara tatu. Mtu akisema upepo umechachamaa tad, ingiza nguo ndani, na mifugo. Kwa mwili ni jambo jingine kabisa. Mtu mzima wa bonde hili akikuambia anaumwa tad, weka kalamu chini, mvue shati apende asipende. Akisema haumwi kitu ila mkewe ndiye kamleta, piga simu ya gari la wagonjwa ndipo uendelee kumsikiliza.

Na kwa mambo ya moyoni, huzuni na mapenzi na kadhalika, nimemwandikia kwamba hilo ndilo neno kubwa kuliko yote tuliyo nayo. Juu yake hakuna jingine. Dada yake Vera Raw alipofariki, Vera alituambia amehuzunika tad, na hatukumwona nje ya nyumba yake mpaka majani yalipopukutika.

Clifford alisoma kadi ile begani kwangu. Akasema nimetia chumvi. Nikamuuliza kiasi gani. Akacheka, akatoka.

Jumatano, 1 Aprili

Mwanakondoo wa kwanza, dume, mzima. Bado majike mia mbili thelathini na tisa.

Naandika hili hapa ili nisiendelee kulibeba kichwani. Kifua sasa kinabana kila siku. Kinanikamata nikipanda na ndoo za maji kwenda zizi la juu, upepo ukiwa usoni ndiyo zaidi, kinashuka mpaka mkono wa kushoto na kupanda mpaka kwenye taya. Nikisimama kinaachia. Najua ni nini. Miaka ishirini na mbili ya ukuta mwembamba si bure. Nikisema, nitapelekwa mjini siku hiyo hiyo, na Clifford na goti lake lile hawezi kubeba maji juu peke yake. Kondoo wasiponyweshwa maji, maziwa yao hukauka, na wanakondoo wakifa mwaka huu shamba halifiki mwaka ujao. Clifford amezaliwa katika nyumba hii, na baba yake pia. Nitasema wakishazaa wote. Ni wiki tano tu.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Mapacha jozi tano. Nimesimama kwenye geti la tatu la njia ya zizi la juu, nikingoja kifua kiachie. Clifford akanikuta.

"Unatazama nini?"

"Mandhari."

Akageuka akautazama mlima ambao ameutazama miaka sitini na nne. "Mlima umefanyaje?"

"Haujafanya kitu. Ni mzuri tu."

Akanikodolea macho, kisha akabeba ndoo zangu mbili bila kuulizwa, akachechemea nazo mpaka juu.

Alhamisi, 9 Aprili

Lazima niseme haki. Binti amejifunza. Amenunua viatu vya maana. Siku hizi kabla ya kumwita mgonjwa hutoa kichwa mlangoni na kuniuliza kwa midomo tu, bila sauti, "Biskuti?" Nami natikisa kichwa au naitikia. Leo nimetikisa, na yule bwana aliyekuja kwa "kikohozi tad" ametoka na barua ya kwenda kupigwa picha ya mapafu. Alilalamika dirishani kwamba daktari amemvua shati kabla hajakaa.

"Kakuonea?" nikamuuliza.

"Mikono yake ya baridi." Akafikiri. "Si mbaya, yule."

Si mbaya! Daktari wa nne alifanya kazi hapa miaka sita hakuwahi kusifiwa namna hiyo. Nilipomweleza Dk Farrant maana yake alitoka nje akarudi na macho mekundu, akanishukuru. Nilifurahi. Nilikuwa nimemwona mtoto asiyejua kitu, na kumbe ndiye wa kwanza kati ya wote waliopita hapa kuniuliza tunamaanisha nini.

Jumanne, 14 Aprili

Theluji juu ya mlima. Geti la tatu.

Jumatano, 15 Aprili

Geti la tatu. Na la pili.

Ijumaa, 17 Aprili

Seth amerudi nyumbani. Amepita zahanati kuondolewa nyuzi, akala biskuti nne, akauliza kama zimekwisha.

Mimi yangu sikuimaliza. Nimerudi nayo mfukoni nikampa Moss, mbwa wetu. Clifford alikuwa anafunga lango la ua. Alimwona Moss akiitafuna.

Jumatatu, 20 Aprili

Wamebaki tisini. Leo kifua kilinibana nimekaa.

Jumatano, 22 Aprili

Naandika nikiwa hospitali ya mjini, kwenye kitanda cha dirishani, na nina nafasi ya kuandika kadiri nitakavyo. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu.

Jana saa nne asubuhi chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa. Vera Raw alikuwa anafuma, Seth kando yake amekuja kuonyesha kidonda, na wengine wanne nisiohitaji kuwataja. Mlango ukafunguliwa akaingia Clifford. Alikuwa na buti za zizini na damu ya uzazi mpaka kwenye viwiko. Clifford hajakanyaga zahanati hii tangu fahali wa jirani alipomrusha, miaka kumi na saba iliyopita. Akavua kofia, akapanga foleni nyuma ya mtu mmoja, akangoja zamu yake, akafika dirishani.

"Nataka kumwona daktari," akaniambia.

Sasa mimi nina mazoea. "Una miadi?"

"Sina."

"Tatizo ni nini?"

"Si langu. Ni la mke wangu."

Nilihisi masikio ya watu wote sita yakigeuka. "Clifford, nani yuko na kondoo?"

"Hakuna mtu."

Hilo lilinitisha kuliko kifua. Katikati ya msimu, majike tisini bado, na mtu huyu amewaacha peke yao. Nikamwambia kwa sauti ya chini arudi nyumbani, tutaongea jioni. Hakurudi. Alishika ukingo wa dirisha langu kwa mikono miwili, akasema, na alisema kwa sauti ya mtu anayemwita mbwa ng'ambo ya bonde:

"Kifua kinamuuma. Kinamuuma sana."

Sijawahi kulisikia neno "sana" likitajwa kwa maumivu ndani ya jengo lile. Vera aliacha kufuma. Mtu mmoja akatazama viatu vyake kama aliyemwona Clifford akivua nguo. Nami, Mungu anisamehe, nilichohisi kwanza ni aibu.

"Ni tad tu," nikasema.

Dk Farrant alikuwa amesimama mlangoni pake. Alitoka kumwita mgonjwa anayefuata. Akaja mpaka kwenye meza yangu. Akatazama kisahani changu, ambacho kilikuwa na biskuti nzima.

"Bi Noreen," akasema, taratibu sana, "hiyo tad ni ya maziwa, au ni ya mwili?"

Nilikuwa nimeyaandika yote mimi mwenyewe kwenye kadi yake, kwa mwandiko wangu mzuri, na hapakuwa na pa kupita. Nikasema, "Ya mwili." Kisha nikashindwa kusimama.

Alinipa aspirini nitafune, akanilaza, akapiga simu. Nilimsikia Clifford akiulizwa alijuaje.

"Anasimama kwenye geti la tatu kila siku tangu Pasaka," akasema. "Anasema anatazama mandhari. Nani huku anatazama mandhari?" Akaikunja kofia. "Na biskuti anampa mbwa. Niliisoma ile kadi, Dokta."

Kwenye chumba cha kusubiri Seth Raw alisimama. "Mimi naenda kwenye kondoo wake," akasema, na kidonda chake kile. Vera akamwambia akae chini, mpumbavu mkubwa, atakwenda yeye. Wengine wanne wakavaa makoti bila kumwona daktari.

Wameniwekea vibomba viwili vidogo vya waya kwenye mshipa wa moyo. Daktari wa hapa anasema ulikuwa umeziba asilimia tisini na tano, na kwamba nisingeimaliza wiki. Nimeyapitia maandishi yangu ya nyuma. Kuwadanganya watu naelewa. Lakini daftari hili halisomwi na yeyote, na hata humu niliandika tad. Nilijidanganya hata mwenyewe, nami ndiye mwenye kadi.

Jumamosi, 25 Aprili

Clifford amekuja kunitazama. Amepanda basi mbili. Alivaa suti ya mazishi, nikashtuka, nikamuuliza nani amekufa. Akasema ndiyo suti pekee aliyonayo, nijuavyo. Alinieleza habari za kondoo kwa dakika ishirini. Tumepoteza majike wawili na wanakondoo watano asubuhi ile aliyowaacha. Alitaja hayo haraka, akaenda kwenye mapacha. Vera anabeba maji kwa pikipiki ya magurudumu manne, na anaendesha kama mwizi.

Alipoinuka aliizungusha kofia mikononi mara mbili, mara tatu.

"Nyumbani kumekuwa kimya," akasema. "Nimekukosa. Tad."

Akaondoka kabla sijajibu. Nesi aliyekuwa ananipima presha, msichana wa mjini, alitabasamu kwa huruma. "Tad tu, bibie? Wanaume hawa! Pole."

Nikamwambia asinipe pole, hajui kipimo. Kisha nikalia mbele yake, mchana kweupe, na sikujificha.

Jumatatu, 11 Mei

Jike wa mwisho amezaa leo saa kumi na moja jioni, mapacha, wote wazima. Nimekatazwa ndoo, lakini kutembea nimeruhusiwa, kwa hiyo nilipanda polepole kwenda kuwaona. Clifford alikuwa mbele. Kwenye geti la tatu nilisimama.

Aligeuka. Uso ulimwisha damu. Akateremka mbio na goti lile.

"Unatazama nini?"

"Mandhari."

"Noreen."

"Mandhari kweli, Clifford. Hakuna kinachouma. Naapa."

Alinikagua kama anavyokagua jike kabla ya kumnunua, macho, midomo, pumzi. Aliporidhika akaja akasimama kando yangu, akaegemeza viwiko ukutani, akautazama mlima. Majani yalikuwa yameota mpaka juu, na wanakondoo walikuwa wanafukuzana kando ya ukuta.

"Pazuri," nikasema.

Akafikiri.

"Tad," akasema, na mkono wake ukaja juu ya wangu, ukabaki hapo mpaka Moss akachoka kutusubiri, akaenda nyumbani peke yake.